Kona ya Santuri: Hiyo tarehe kakwambia nani?

Haya wadau, salamu kutoka Kariakoo, leo umeme umekatika toka asubuhi kwa iyo naandikia kwenye simu na chaji ipo asilimia 31, nikikosea herufi mnivumilie. Toleo lililopita niliweka kaorodha ka kumbukizi za muziki za mwaka huu 2026 na za miaka inayofuata, nikajua watu watafunua ukurasa wapite zao, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika mpaka simu inaganda. Nimechagua chache tu. (Yule anayeomba nimpatie tiketi ya shoo: ndugu yangu, mi mwenyewe naingiaga kwa kumbembeleza wa mlangoni.)

Shikamoo Mzee wa Santuri. Mimi nafundisha watoto piano huku Upanga. Uliandika Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani, kazaliwa 16 Desemba 1770. Hiyo tarehe umeitoa wapi? Nijuavyo mimi hakuna karatasi hata moja yenye siku yake ya kuzaliwa.

Marahaba mwalimu, na umenidaka. Karatasi hakuna. Kilichopo ni daftari la ubatizo la kanisa kule Bonn, Ujerumani, limeandikwa 17 Desemba 1770, na kwa vile enzi hizo Wakatoliki wa kule walikuwa wanawahi kubatiza mtoto haraka sana, siku ya pili yake tu hivi, watu wakarudi nyuma siku moja wakapata 16. Ni kukisia kwa akili, sawa, lakini kukisia ni kukisia, na mi niliandika kama vile nilikuwepo pale nashikilia taa mkunga anafanya kazi.

Kinachochekesha ni kwamba Beethoven mwenyewe umri wake ulimpiga chenga. Miaka mingi aliamini kazaliwa 1772, na hata alipoonyeshwa cheti cha ubatizo akagoma, akasema hicho sio changu hicho cha kaka yangu. Kwa sababu kweli alikuwepo kaka, naye Ludwig vilevile, alibatizwa 1769 akaishi siku chache tu akafariki, aliyefuata akapewa jina la marehemu. Mambo haya mbona hata kwetu yapo.

Na hayuko peke yake. Louis Armstrong, yule wa tarumbeta, maisha yake yote alisema kazaliwa 4 Julai 1900. Yaani siku ya uhuru wa Marekani, mwaka wenyewe umekaa na sifuri zake mbili, tarehe tamu mpaka unaitilia shaka. Akafariki 6 Julai 1971, watu wakazika na tarehe yao hiyohiyo, mpaka miaka ya 80 likaja kufunuliwa daftari la ubatizo la kanisa moja New Orleans: 4 Agosti 1901. Kwa iyo ile 4 Julai 1970 watu wanamkatia keki ya miaka 70, mwenye keki alikuwa na 68.

Sasa njoo kwetu kwa Bi Kidude. Siku aliyofariki tunayo, 17 Aprili 2013, Unguja. Ya kuzaliwa ukimuuliza alikuwa anakujibu kwa rupia, kwamba kazaliwa enzi hela ni rupia. Rupia Zanzibar imekuja kuondolewa 1936, kwa iyo hapo kakwambia ni kabla ya 1936, asante sana bibi, umetusaidia mno. Walipompa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, 2005 kila gazeti liliandika umri wa kumkisia tu. Ukiniuliza mi nasema bibi ndo alikuwa mkweli kuliko wote, maana hakutaja namba asiyoijua.

Toleo lijalo nitaandika "alibatizwa 17 Desemba" na yaishe, mwalimu.

Niaje mkuu. Mi bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu. Kijiweni kwetu kuna mzee wa Msondo na mzee wa Sikinde, kila siku wanazozana bendi ipi kongwe. Wamekubaliana we ndo uamue.

Dogo, unanitumbukiza kwenye kesi ambayo majaji wote wameikimbia. Ila ngoja nijaribu.

Kwa karatasi mzee wa Msondo anashinda mapema tu. NUTA Jazz, ndo hao Msondo wa leo, ilianzishwa 1964, mwaka uleule ulioanzishwa umoja wenyewe wa wafanyakazi, NUTA. Mwaka huu inakata 62. Mlimani Park Orchestra, ndo Sikinde wenyewe, ni 1978, kwa iyo 48. Kesi imefungwa, mzee wa Sikinde akanunue kahawa.

Lakini kabla hajatoa hela, mwambieni aulize swali moja: bendi ni nini? Ni jina, ni vyombo, ni watu au ni mtindo? Maana ukisema jina, basi NUTA Jazz ilishakufa zamani, umoja wa wafanyakazi ulipogeuka JUWATA bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, umoja ulipogeuka OTTU bendi ikawa OTTU Jazz, mwanamuziki yupo jukwaani anapiga gitaa lake na jina linabadilika kulekule ofisini. Ndo hali ya zamani ilivyokuwa, vyombo mali ya shirika, wanamuziki wameajiriwa wanapokea mshahara kama karani, bosi akibadilisha kibao mlangoni na we umebadilishwa. Kilichodumu ni mtindo, Msondo, ambao ni jina la ngoma, na wapenzi wakashika hilohilo mpaka likawa ndo jina rasmi la bendi. Kwa iyo ile 62 unaihesabu ya Msondo, sio ya kibao.

Na ukisema bendi ni watu, hapo ndo mzee wa Sikinde anakaa vizuri kwenye benchi. Waliokuja kuijenga Mlimani Park wengine walitokea hukohuko JUWATA, akiwemo Muhidin Gurumo mwenyewe na Hassan Bitchuka, wengine walitokea Dar International kama Abel Balthazar, na Michael Enoch alikuwa ameshaongoza Dar es Salaam Jazz huko nyuma. Sasa hao walipovuka barabara waliacha umri wao JUWATA? Sauti ya Gurumo ilianza upya siku ile? Halafu Sikinde nayo wenyewe walibadilika, ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndo hilo DDC mpaka leo watu wanalitaja mbele ya jina. Na Gurumo baadae akaenda bendi ya Safari Sound akaanzisha mtindo wa Ndekule, kisha akarudi zake Msondo, alipofariki 13 Aprili 2014 pande zote mbili zililia kama mfiwa mkuu ni yeye.

Kwa iyo hukumu yangu ni hii: Msondo ni kongwe, ila Sikinde hakuzaliwa mtoto, alizaliwa mtu mzima ana ndevu. Wakikataa wote wawili basi wapelekee baraza la ardhi.

Halafu kitu kingine, msije mkadhani ni sisi tu. Kule Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, 6 Juni 1956 vijana walipiga kwenye baa moja inaitwa OK Bar, wakaamua kujiita OK Jazz, kijana mmoja wa gitaa anaitwa Franco Luambo alikuwa na miaka 17. Mwezi wa sita huu ni miaka 70 kamili, na hii ndo kumbukizi ambayo mi binafsi nimeizungushia duara kwenye kalenda. Pale kati waanzilishi wengine wameondoka, jina limeongezwa TP mbele (Tout Puissant, yaani wenye nguvu zote), wanamuziki wameingia na kutoka huwezi kuwahesabu, na bado watu wote wanahesabu toka usiku ule wa kwenye baa. Tarehe imebaki kwa sababu jina la baa liliingia kwenye jina la bendi. Ingeitwa vingine sijui kama leo tungekuwa tunajua hata mwezi.

Sisi nyumbani tulikuwa tunafanya kinyume, badala ya kuwekea muziki tarehe tulikuwa tunawekea tarehe muziki. Mjomba wangu alikuwa kibarua bandarini, Jumamosi lazima dansini, shati limenyooshwa mpaka linakata. Ukimuuliza kitu kilitokea lini hakwambii mwaka, anakwambia "enzi Western Jazz wanapiga Saboso", au "kabla Mbaraka hajatoka Morogoro Jazz", basi unajua hapo ni kabla ya 1973 maana mwaka huo ndo Mbaraka Mwinshehe alianzisha bendi yake ya Super Volcano. Dada yangu mkubwa kazaliwa wiki ya msiba wa Mbaraka. Mama alikuwa hana shida na cheti, anasema tu mtoto huyu kaja Mbaraka kafa, na we unaenda kutafuta: Mbaraka kafariki 12 Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa, umri 34. Siku ya Mapinduzi. Kwa iyo kila mwaka ofisi zinafungwa siku ya kumbukizi ya Mbaraka na wengi hawajui kwamba wanampumzikia na yeye.

Habari za kazi Mzee wa Santuri. Naoza binti yangu mwezi wa nane, ukumbi upo Tabata. Emsii anasema maharusi wataingia na "ule wimbo wa Kizungu wa zamani" na matarumbeta wanaujua. Nilikuwa nataka kujua ni wimbo wa nini na una miaka mingapi, isije ikawa wa msiba.

Hongera sana mama, na umefanya vizuri kuuliza. Kuna nyimbo mbili na watu wanazichanganya.

Ya kuingilia, ile inayoanza polepole tam-tam-ta-tam, ni ya Mjerumani Richard Wagner, ipo ndani ya opera yake Lohengrin iliyopigwa mara ya kwanza Weimar tarehe 28 Agosti 1850. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa mkimbizi, alikorofishana na serikali. Ya kutokea, ile ya shangwe matarumbeta yanapasuka, ni ya Felix Mendelssohn, 1842, aliitunga kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Aliyeziweka pamoja zikawa desturi ni binti mkubwa wa malkia wa Uingereza, naye Victoria kama mama yake, kwenye harusi yake London 25 Januari 1858. Watu wakaona ya kwenye ikulu, wakaiga, na mpaka leo Tabata wanaiga.

Wa msiba sio. Ila mama, kwa kuwa umeuliza, nikikuficha nitakuwa nimekosea. Kwenye ile opera ya Wagner wimbo huo wanaimbiwa maharusi wakiwa wanasindikizwa chumbani, na ndoa yenyewe haifiki asubuhi. Bwana harusi alimpa bibi harusi sharti moja tu, asimuulize jina lake wala alikotoka, na usiku uleule bibi akashindwa kuvumilia akauliza, bwana akajitaja mbele za watu, akaondoka zake, bibi akaanguka akafa. Sasa mi sio mtu wa nuksi, lakini ningekuwa mzazi ningemwambia emsii aingize watu na Mendelssohn, au amwachie kiongozi wa matarumbeta aingie na wanachokijua wao, wale jamaa wakipewa uhuru wanaweza kuusimamisha ukumbi mzima. Mababu zao wa ngoma ya beni walikuwa wanapiga brasi na kujipanga mistari kama askari huku Pwani toka enzi za Mjerumani, hawakosi cha kuingilia ukumbini.

Mambo vipi Mzee wa Santuri. Niko chuo mwaka wa pili. Kwenye kikundi chetu wanasema Wimbo wa Taifa mwezi wa 12 unatimiza miaka 65. Ni sahihi?

Maneno ndio, sauti hapana. Tumeanza kuuimba kama wimbo wa taifa Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, kwa iyo 65 ya hapo iko sawa. Lakini ile sauti ina miaka 129. Aliitunga mwalimu wa shule, Enoch Sontonga, kule Johannesburg mwaka 1897, watoto wake wa shule ndo walioimba kwanza. 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadae ndo kikaitwa ANC, na 1923 mwandishi Sol Plaatje akauingiza kwenye santuri akiwa London. Sontonga hata hakuyaona hayo, alifariki 18 Aprili 1905, kijana tu wa miaka thelathini na kitu.

Na sikiliza hii. Serikali mpya ya Afrika Kusini ilipotaka kumuenzi miaka ya 90 kaburi lake likawa halionekani. Wanajua makaburi ni ya Braamfontein, vitabu vya makaburi vipo, jina Sontonga halimo. Wametafuta wee. Mwisho wakagundua karani alimwandika chini ya "Enoch". Basi. Wimbo unaimbwa na mataifa, mwenye wimbo kaandikwa jina la kwanza kama mtoto wa chekechea. Mandela ndo alizindua mnara pale 24 Septemba 1996.

Wewe mzee, mbona wazungu wanasherehekea mtu kafa? Umeandika mwakani watafanya shamrashamra miaka 200 toka Beethoven afariki. Sisi tunafanya arobaini, hitima, tunamaliza. Miaka 200 unamwombea nani? Msomaji wa Ukonga.

Hahaa, swali zuri. Ni kweli 26 Machi 2027 ni miaka 200 na majumba yote ya muziki huko Ulaya yatapiga Beethoven mpaka jirani aombe radhi. Hawamwombei ndugu yangu, ni sababu ya kufungua kabati.

Nikupe mfano. Johann Sebastian Bach, mtunzi mwingine wa Kijerumani, alifariki 1750, na baada ya hapo kazi zake kubwa za kanisani zikakaa tu, wapiga kinanda wanazijua, mtu wa kawaida hazijui. Kulikuwa na moja inaelezea mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo, ndefu, kwaya mbili na wapigaji makundi mawili, inaenda karibu saa tatu. Watu wakaamini ilipigwa mara ya kwanza 1729. Basi kijana wa miaka 20, huyuhuyu Mendelssohn wetu wa harusini, akasema mwaka 1829 inafika miaka 100, tuipige. Wakaifanyia mazoezi, wakaikata wakaipunguza, na tarehe 11 Machi 1829 Berlin ikapigwa, ukumbi ukajaa watu wengine wakarudi nyumbani hawajapata nafasi, na toka siku hiyo Bach akarudi duniani mpaka leo.

Tamu yake iko hapa: tarehe ilikuwa mbovu! Miaka ya 1970 wataalamu wamekuja kuchambua wakakuta ilipigwa kwanza 11 Aprili 1727. Kwa iyo ile karne waliyosherehekea Berlin ilikuwa karne na miaka miwili. Na hakuna aliyesema basi turudishe viingilio. Kwa hesabu mpya, mwakani mwezi wa nne ni miaka 300, kwaya za Dar zenye uwezo (na zipo, zinapiga Haleluya ya Handel kila Pasaka bila kuangalia karatasi) hapo ndo pa kujipima.

Mwakani tena ni miaka 150 toka Thomas Edison atengeneze ile mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha, 1877. Na 50 toka mwimbaji Elvis Presley afariki. Jiandaeni masikio.

Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, ni Mtanzania au sio Mtanzania? Tunabishana salon Kinondoni.

Kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi waliotokea India, baba keshia wa serikali ya Mwingereza. Tanzania ilikuwa haijazaliwa bado kwa iyo hapo jibuni wenyewe. Utoto wake mwingi kasoma bweni India, familia ikaondoka Zanzibar 1964 ikaenda Uingereza. Septemba hii angetimiza 80. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Zanzibar ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ikapingwa na kikundi cha dini ikafutwa, leo pana makumbusho yake pale Shangani na watalii wanapanga foleni. Kinyozi ashike mashine, mteja anasubiri.

Asalam aleikum. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Magomeni toka niolewe. Bibi yangu alifariki akaacha sanduku, ndani kuna santuri nne nzito nyeusi, moja imepasuka, lebo ina picha ya mbwa na maandishi ya Siti. Wajukuu wanataka kuzitupa. Uliandika 2028 ni miaka 100 ya santuri za Siti binti Saad. Je hizi ndo zenyewe? Na nizisafishe na nini?

Waaleikum salaam dada, na tafadhali sana kabla hujasoma mstari unaofuata nenda kafunge hilo sanduku na ufunguo ukae nao wewe.

Sasa tuongee. Siti kazaliwa Fumba, mwaka tunakadiria tu 1880 hivi (umeona, tumerudi kwa Bi Kidude), nyumbani kwao wanafinyanga vyungu na yeye ndo anavipeleka mjini kuuza, anatembea anaita wateja kwa sauti. Hiyo sauti ndo ilimfikisha kwa wanamuziki kina Subeti na Maalim Shaaban na Mbaruku na Budda. Taarabu wakati huo ilishakuwepo, kikundi cha Ikhwan Safaa chenyewe kimeanza 1905, lakini ilikuwa ya mabwana na kwa Kiarabu, yeye akaileta kwa Kiswahili, akaimba mambo ya mtaani yanayojulikana na kila mtu. 1928 wakapanda meli na wenzake mpaka Bombay wakarekodi kwa kampuni ya HMV, ile ya mbwa anasikiliza gramafoni. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi kuingia kwenye santuri. Fikiria mtu wa Unguja anakaa barazani anasikia sauti ya binti wa Fumba inatoka kwenye mashine, kwa lugha yake, na jana alikuwa anaambiwa mashine hiyo ni ya nyimbo za Kiarabu na za Kihindi.

Alifariki 8 Julai 1950. Mwaka huohuo, kabla hajafa, Shaaban Robert alikaa naye akamhoji na ndo akaandika ule wasifu wake. Yaani tulikuwa tumebakiza kidogo tu hayo tusingeyajua. Nikifikiria hilo naishiwa nguvu.

Kama zako ni za 1928 au za baadae, lebo peke yake haiwezi kukwambia, maana alirekodi zaidi ya mara moja na santuri zinazouzika zilikuwa zinachapwa tena. Lakini angalia vitu viwili. Pale kwenye lebo kuna namba ya kampuni, hiyo iandike. Halafu kwenye ile sehemu nyeusi laini kati ya mistari ya muziki na lebo, igeuze kwenye mwanga wa dirisha taratibu, utaona namba nyingine ndogo imegongwa humo. Hiyo ndo yenyewe. Hiyo iligongwa kutokana na siku waliyorekodi, na ndo wanaojua wanaitumia kupata tarehe. Piga picha zote mbili, pande zote mbili, hata ile iliyopasuka, usidharau iliyopasuka maana namba inaweza kuwa nzima na wimbo wenyewe ukawa haupo sehemu nyingine.

Kusafisha: SPIRITI USIGUSE. Wala pafyumu, wala ile ya kuua vijidudu mikononi. Hizi sio plastiki kama LP za baba zetu, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu umechanganywa na unga wa mawe, spiriti inauyeyusha palepale unaona. Chukua kitambaa laini kikavu au brashi laini, fuata mzunguko wa mistari, usisugue kwenda katikati. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na zisikae dirishani wala juu ya friji, joto la Magomeni linazipinda kama chapati.

Na wajukuu wasije wakaziweka kwenye mashine ya kisasa ya LP. Hizi zinazunguka mara 78 kwa dakika, nyingi ya hizo mashine zinaenda 33 na 45 tu, na hata ukipata yenye 78 sindano yake ni nyembamba mno kwa mistari ya santuri hizi, inatumbukia chini ya mistari, badala ya Siti unasikia makelele na mikwaruzo tu, na sindano yenyewe inaweza kuharibika. Inatakiwa sindano nene ya kwake. Ipo moja kwa mtu nnayemfahamu hukuhuku Kariakoo na mashine yake inazunguka sawasawa, kila upande ni kama dakika tatu tu kwa iyo kazi nzima haifiki nusu saa, tutarekodi mara moja, utaondoka na sauti kwenye simu na santuri zako mkononi. Nitumie picha za hizo namba kwanza. Chaji imebaki 4.